Buibui anayekaa kimya: nguvu zake zinaenda wapi?



Wengi munaonijua munajua pia kwamba kule kwetu Ndosho ninafuga buibui. Sisemi kale kembamba ka miguu mirefu kanakoning'inia kwenye pembe ya dari. Kale kako kwa kila mutu na hakana mwenyewe. Wangu ni mkubwa, wa manyoya, jike, wa ile familia ambayo wanabiolojia wanaiita Theraphosidae. Mjomba wangu ni dereva wa lori. Siku moja gari lilimpasukia tairi porini, akageuza ubao mmoja ili aweke jeki, akamkuta pale chini. Akamfunika kwa bidoni iliyokatwa, akaniletea akisema: "Wewe njo ulisomaka mambo ya wadudu, chukua." Mimi nilisoma biolojia-kemia, na buibui mwenye miguu minane si mdudu kwa hesabu ya shule, lakini kwa mjomba vyote ni kitu kimoja. Nikapokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo kila mgeni anayeingia anaangalia ile ndoo ya plastiki, anangoja kidogo, halafu anauliza: "Alishakufa?"

Swali si la kijinga. Ukweli ni kwamba nina daftari ambamo kila usiku saa mbili ninaandika buibui yuko wapi na anafanya nini, na kurasa nyingi zina neno moja tu: palepale. Anaweza kukaa siku sita bila kusogeza hata mguu. Nataka leo niwaeleze kwa nini, maana mimi mwenyewe kutolijua jambo hilo kulinigharimu.

Huyu ni wa pili. Wa kwanza nilimuua mimi, na nilimuua kwa huruma.

Ilikuwa mwezi wa saba 2023, majira ya kiangazi. Munajua usiku wa Goma wakati ule, upepo wa ziwa unaingia chini ya mlango mpaka mutu analala na jaketi. Yule buibui wangu alikuwa amekaa siku tisa mahali pamoja. Nikajiambia, maskini, baridi imemmaliza. Jioni Mama alikuwa anapika maharagi kwenye babula, na maharagi munajua hayana haraka, yanakula makala saa tatu nzima. Nikaleta chombo nikakiweka kando ya babula. Haikupita nusu saa buibui akaanza kutembea! Anazunguka, anapanda ukuta wa plastiki, anaanguka, anapanda tena. Nikaita watu wa nyumba: muone, amepona. Kwa kweli nilijisikia daktari. Nikarudia vile jioni nne mfululizo. Asubuhi ya tano nilimkuta amekunja miguu yote minane chini ya tumbo, kama ngumi.

Nilikaa na ile ngumi mkononi muda mrefu. Kumbe kulikuwa na mambo mawili ambayo sikuyajua: kutembea kule kulikuwa na maana gani, na kwa nini miguu ilijikunja. Nianze na miguu, kwa sababu ndiyo inafungua mlango wa mengine yote.

Mguu wako wewe una misuli ya kukunja na misuli ya kunyoosha. Wa buibui hauko vile. Katika viungo vyake viwili vikubwa kuna misuli ya kukunja peke yake; ya kunyoosha haiko kabisa. Ili anyooshe mguu, buibui anasukuma damu yake kutoka sehemu ya mbele ya mwili hadi ndani ya mguu kwa presha. Kama umewahi kusimama kutazama ile mashine ya njano inayochimba mawe ya volkano barabarani, umeona mkono wake unanyooka kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba. Ni kazi ileile. Kila hatua ya buibui ni pampu na maji.

Sasa fikiria maji yakipungua mwilini. Pampu inasukuma, lakini hakuna cha kusukuma. Misuli ya kukunja inabaki peke yake bila mpinzani, na miguu inajikunja ndani. Ndiyo maana buibui aliyekufa anakuwa kama ngumi, na ndiyo maana aliyekaukiwa anaanza kukunjika kabla hajafa. Wangu sikumuunguza, nilimkausha. Na yale matembezi niliyofurahia hayakuwa ya afya. Alikuwa anatafuta pa kutokea.

Hapa ndipo joto linaingia. Sisi tunachoma chakula usiku na mchana ili mwili ubaki kwenye digrii 37. Mutu mzima aliyelala tu, hafanyi chochote, anatumia takriban wati 70 hadi 80, sawa na ile balbu ya zamani ya kioo chembamba. Buibui halipi bili hiyo. Mwili wake unafuata hali ya hewa: chumba kikiwa baridi naye ni baridi. Na kwa wanyama wa namna hii, joto likipanda digrii kumi, matumizi ya nishati yanaongezeka karibu mara mbili, hata kama mnyama amekaa tu. Yaani babula haikumpa nguvu. Ilimfanya atumie haraka zaidi nguvu na maji aliyokuwa nayo, kama mutu aliyekuwashia kila kitu ndani ya nyumba halafu akakuachia mita uilipe wewe.

Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili vizuri mwaka 2015 kwa buibui mkubwa wa kule, Aphonopelma hentzi. Walimkimbiza kwenye digrii 15, wakaendelea kupandisha hadi 40. Kasi ilipanda kutoka kama sentimita 20 kwa sekunde hadi kupita 50. Lakini katika ile kasi ya juu viungo vya mguu vilianza kupoteza mpangilio wao, kimoja hakiendi sawa na kingine. Pampu ilikuwa imefika mwisho wake. Maji hayawezi kuingia na kutoka ndani ya bomba jembamba kwa haraka unayotaka wewe.

Basi tuje kwenye hesabu yenyewe. Mwaka 1970 mwanabiolojia John Anderson alitoa makala juu ya umetaboli wa buibui, yaani ile nishati ambayo mwili unaitumia. Alipima oksijeni wanayotumia wakiwa wamepumzika, akaona kwamba ni karibu nusu ya ile ungetegemea kwa mnyama wa ukubwa uleule. Waliomfuata walibishana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, wengine wakasema inategemea spishi na namna ya kupima. Lakini kwa wale wanaokaa wakingoja mawindo yapite, picha haikubadilika sana: wanaishi kwa kidogo mno. Buibui mkubwa kama wangu, akiwa amekaa, matumizi yake hayafiki hata sehemu ya mia ya wati moja. Ukitaka kumshangaa, mshangae kwa hilo, uyaache yale manyoya.

Kwa hiyo mende mmoja mnene anamtosha juma moja au mawili, na hapa kwetu mende hawajawahi kukosekana. Dada yangu mkubwa alipolalamika mwanzoni kwamba ninalisha mnyama wakati bei ya unga inapanda, nilimwambia amletee risiti ya mwisho niliyonunua. Haikuwako.

Lakini tabia hii ya kuishi kwa kidogo ina upande wake mbaya. Buibui huyu akishtuka anakimbia kama umeme, utadhani ana nguvu za ajabu. Mfuate sekunde chache tu: anasimama. Umkimbize tena: anakwenda polepole zaidi. Baada ya muda hata ukimgusa kwa kijiti hataki. Kenneth Prestwich, katika kazi aliyochapisha 1983, alionyesha kwamba mbio za buibui zinaendeshwa kwa sehemu kubwa bila oksijeni. Misuli inatumia akiba iliyo ndani yake, asidi ya laktiki inajaa, na akiba ikiisha biashara imefungwa. Kisha anahitaji muda mrefu wa kupumzika kulipa deni lile.

Angalia pia mahali moyo ulipo. Moyo wa buibui ni bomba refu mgongoni mwa tumbo, na misuli ya miguu iko mbele, kifuani. Damu inapaswa kupita kwenye kiuno chembamba sana. Wakati anakimbia, presha ya mbele inapanda kwa sababu ndiyo inayonyoosha miguu, na pale ambapo misuli inahitaji damu mpya zaidi ndipo njia inakuwa nzito. Hii damu yenyewe ina rangi ya bluu kidogo, maana inabeba oksijeni kwa shaba, siyo kwa chuma kama yetu. Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa humanite hilo la bluu, saa nzima iliyobaki hakuna aliyesikiliza kitu kingine.

Kwa hiyo wale wanaomtoa buibui kwenye chombo ili wapige naye picha, wakimkimbiza mkononi "afanye sport", wanamfilisi. Hahitaji mazoezi. Na akiuma, hawa wa Afrika wanauma kwa maumivu makali na misuli inaweza kukaza siku kadhaa. Muache kwake.

Nije sasa kwenye njaa, kwa sababu hapa sikusoma tu, niliishi nayo.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, munakumbuka nyote. Umeme ulikatika, maji ya robine yalikatika, intaneti nayo. Sisi tulikuwa watu saba kwenye koridoo, magodoro chini, mbali na madirisha. Tulikuwa na nusu mfuko wa unga, maharagi kidogo, na sambaza zilizokaushwa ambazo Mama alizihesabu kabla ya kuzipika. Maji tulikuwa na bidoni mbili. Chombo cha buibui kilikuwa chumbani kwangu, na sitaki kuwadanganya, siku za kwanza sikumkumbuka hata kidogo.

Alikuwa amekula mara ya mwisho kabla ya Noeli. Siku tulipoweza kutembea ndani ya nyumba bila kuinama, niliingia nikamkuta palepale, tumbo limepungua, lakini miguu imenyooka vizuri. Nikajua chakula anaweza kungoja. Maji ndiyo hatari. Nikachukua kifuniko kimoja cha chupa, nikakijaza kwenye bidoni. Dada yangu akaniona.

"Maji ya kunywa ya watu unamupa mududu?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa kifuniko kimoja, lakini siku zile vijana walikuwa wanakwenda ziwani kuchota maji huku wakisikiliza njia. Nilimpa hata hivyo, na niliona haya, na nikimwambia leo kwamba sikuona haya nitakuwa muongo.

Baadaye mabenki yalibaki yamefungwa, hela zikawa hazionekani, na nyumbani tukaanza kula mara moja kwa siku. Nilikuwa ninahisi mwili wangu unavyobadilika: kupanda ngazi kunachosha, mchana unataka kulala, hasira iko karibu. Mwili wa mutu nao unajaribu kubana matumizi, lakini una ile bili ya digrii 37 ambayo haisamehewi. Buibui anaweza kubana zaidi sana. Huyo huyo Anderson, mwaka 1974, alichapisha matokeo ya kuwanyima chakula buibui wa aina mbili. Kwa wastani waliishi zaidi ya miezi sita bila kula, na wakati huo matumizi yao ya mapumziko yalishuka chini kuliko kawaida. Hawakuishi tu kwa akiba. Waliteremsha hata kile kiwango kidogo walichokuwa nacho.

Akiba yenyewe iko tumboni. Buibui hatafuni: anamwagia mawindo maji ya kuyeyusha, kisha ananyonya supu. Matumbo yake yana matawi mengi yanayojaza sehemu ya nyuma ya mwili, na ngozi ya sehemu hiyo inatanuka. Siku ya neema anaweza kula sana na kuvimba kama zabibu, halafu anashuka taratibu miezi kadhaa. Kwa hiyo mfugaji anayejua kazi haangalii kama buibui anatembea. Anaangalia tumbo. Likiwa dogo kuliko kifua, ana njaa. Likiwa limevimba kupita kiasi, usimpe kitu, maana akianguka kutoka juu ya chombo linaweza kupasuka, na likipasuka presha yote imekwisha.

Wangu alikula tena katikati ya Machi. Mende mmoja. Alimrukia kabla kijiti changu hakijatoka ndani ya chombo. Na kifuniko cha maji, kuanzia mwezi wa pili, nilikuwa ninakikuta kimeshajazwa asubuhi. Sikuuliza ni nani.

Kuna wakati mwingine ambapo kukaa kimya kunatisha zaidi, nao ni wakati wa kujivua ngozi. Kabla yake anakataa chakula majuma, hata mwezi na zaidi, tumbo linakuwa jeusi, anafunga mlango wa shimo kwa nyuzi zake. Halafu siku moja unamkuta amelala chali. Wandugu, ukimkuta chali miguu ikiwa wazi, usimtupe. Yuko kazini. Anapandisha presha ndani ya ganda la zamani mpaka lipasuke, anavuta miguu minane mmoja mmoja, na kisha anabaki laini siku nyingi kabla hajaweza kuuma kitu. Mende mmoja aliye hai ndani ya chombo siku hiyo anaweza kumla yeye. Nina rafiki Katindo aliyemtupa wake kwenye takataka namna hiyo, akijua amekufa. Aliponisimulia alikuwa anacheka. Nilipomweleza aliacha kucheka.

Si wote wana maisha ya kukaa. Madume, kwa mfano. Dume akishajivua mara ya mwisho anaacha shimo lake na kuanza kutembea usiku kutafuta majike. Hali vizuri, hajengi, anatembea tu. Cara Shillington alipima buibui wa Texas, Aphonopelma anax, akatoa matokeo 2005: hata wakiwa wamepumzika, madume walikuwa na matumizi makubwa kuliko majike. Dume aliyekomaa anaishi mwaka hivi, mara chache zaidi sana. Jike wa spishi nyingine anapita miaka 20. Na kule Australia Magharibi kulikuwa na jike mmoja wa buibui wa mlango wa shimo, aliyepewa namba 16 na mtafiti Barbara York Main alipoanza kuwafuatilia mwaka 1974. Alikutwa hayuko tena 2016, akiwa na miaka 43, na dalili zilionyesha aliuawa na nyigu, siyo uzee. Miaka 43 karibu na shimo lilelile. Wanaume wenzangu wa Goma munaotembea usiku, mimi nimesema habari za buibui tu.

Wale wa utando nao wana hesabu yao. Ukikaa barazani saa kumi na mbili na nusu jioni utamwona anajenga gurudumu lake karibu na taa. Nyuzi ni protini, na protini ni ghali. Kwa hiyo wengi wao wanaula utando wa jana kabla ya kujenga wa leo. Mwaka 1971 David Peakall aliutia alama utando kwa mionzi, akaona kwamba sehemu kubwa kabisa ya ile protini iliyoliwa ilirudi kwenye utando mpya katika muda mfupi. Hakuna kinachotupwa.

Lakini kama ungeniuliza ni buibui gani wa upande wetu wa Afrika ningependa kumwona kabla sijafa, ningesema ni yule wa Ziwa Victoria. Anaitwa Evarcha culicivora. Ni mdogo, milimita chache tu, wa jamii ya buibui warukaji, wale wenye macho makubwa mbele wanaogeuka kukutazama. Anajulikana maeneo ya ziwa hilo, Kenya na Uganda, na mengi tunayoyajua juu yake yalitokea Mbita Point, kwenye kituo cha ICIPE, kupitia Robert Jackson na wenzake. Jina la kisayansi alilipata 2003. Mwaka 2005 Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha habari iliyozunguka dunia: buibui huyu anapenda kula mbu jike aliyetoka kunyonya damu, kuliko mawindo mengine yote.

Fikiria hilo kama hesabu ya nishati. Buibui hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mutu. Damu yetu ameifuata kwa njia ya pili, anangoja mbu afanye kazi ya hatari, arudi ukutani akiwa mzito na mvivu, halafu anamrukia. Chakula kimeshakusanywa na kufungwa. Na damu ile si chakula peke yake. Utafiti wa 2009 wa Fiona Cross na wenzake ulionyesha kwamba buibui aliyekula mbu wa damu anapata harufu inayowavutia wale wa jinsia nyingine. Akinyimwa chakula hicho, mvuto unapungua. Tena mwaka 2011 Cross na Jackson walionyesha kwamba anavutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na watu. Mahali penye watu ndipo penye mbu, na mbu ndiye sahani.

Huyu hawezi kuishi kama wangu. Anawinda kwa macho, anapima, anazunguka nyuma ya mbu, anachagua. Kutazama na kuchagua ni kazi inayotaka nguvu, na mwili mdogo hauna ghala kubwa. Kwa hiyo anakula mara nyingi zaidi. Ukimfungia ndani ya chupa na kumpa mende kila majuma mawili kwa sababu ulisoma habari za buibui wa manyoya, umemuua kama mimi nilivyoua kwa babula, ila kwa upande mwingine. Neno "buibui" limebeba zaidi ya spishi elfu hamsini, na hazina ratiba moja ya chakula.

Na mukumbuke kwamba hawa tunaowaita wavivu, wote pamoja, kwa makadirio ya Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer ya 2017, wanakula tani milioni 400 hadi 800 za mawindo kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wadudu. Ndiyo, tani. Kila mmoja anakula kidogo, lakini ni wengi. Mama akipuliza dawa ya mbu pembe zote za nyumba ninamwomba aruke ile ya juu ya dirisha. Anaruka, akinung'unika.

Sasa jambo ambalo linanifanya niandike leo. Juma lililopita kijana mmoja alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba ninajua buibui, na kwamba wazungu wanawanunua. Ni kweli, wananunua. Yule wa rangi ya machungwa, Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na Pocock mwaka 1897, anafugwa Ulaya na Marekani nzima, na rangi yake inayopendwa wafugaji wanaiita Usambara, kwa jina la milima ya Tanga. Yule mkubwa wa Kenya na Tanzania, Pelinobius muticus, anachimba shimo refu kwa miguu ya nyuma iliyonenepa kama ya mchezaji mpira, na anaonekana kwa nadra hata ndani ya nyumba ya aliyemnunua. Wafugaji wenyewe wanataniana kwamba umelipa hela ukanunua shimo. Kijana akaniambia tukusanye majike makubwa, hayo ndiyo yana bei.

Nilimjibu kwa hesabu hii hii. Mnyama anayeishi kwa kidogo anakua polepole. Jike mkubwa unayemchimba kwa dakika kumi amechukua miaka mingi kufika pale, na ndiye anayetaga. Ukitoa kumi kwenye kilima kimoja, watoto waliobaki watahitaji miaka hiyo yote tena, na wengi wataliwa kabla. Wapo wanaowazalisha kule kule Ulaya, na hao ndio mnunuzi mwenye akili anawatafuta. Tanzania yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwezi wa Mei 2016. Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sawa mukubwa, lakini mimi nina diploma tangu miaka tatu na siko na kazi." Nilimwelewa, maana na mimi vacation za saa chache nilizo nazo ni za kubahatisha. Hatukukubaliana. Tumepanga aje Jumamosi aone daftari, na kama atapenda nimfundishe kulisha mende kwa mabaki ya mboga kwa ajili ya wenye kuku. Hiyo angalau ina wateja hapa hapa Ndosho.

Wangu kwa sasa amefunga mlango kwa nyuzi, leo ni siku ya 19. Chumba kiko kwenye digrii 20, maji yako kwenye kifuniko, mende yuko ndani ya chupa yake anangoja naye. Asubuhi dada yangu amepita akachungulia, akauliza kama alishakufa. Nimemwambia bado.